Risasi Ngumu za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na aina mbili za risasi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchagulia.

Za kwanza aliziita laini. Ncha yake ni madini ya kijivu yaliyochomoza nje ya shaba, laini kiasi kwamba ukiyakwaruza kwa ukucha unaacha alama. Risasi laini ikiingia mwilini mwa mnyama inatanuka na kuvuruga kila inachokutana nacho. Swala akipigwa nayo vizuri nyuma ya bega hafiki mbali. Mara nyingi anaanguka palepale, na ukimfikia macho yake yameshapoteza mng'ao.

Za pili aliziita ngumu. Hizo zimevikwa shaba mpaka nchani. Hazitanuki, zinapita tu. Zinaingia upande huu kwa tundu la kuingiza kidole kidogo na kutokea upande wa pili kwa tundu kama hilo, na mnyama anaondoka mbio kana kwamba ameumwa na nzi. Watu wanaojua kazi huzitumia kwa nyati, mwenye ngozi nene na mifupa mizito. Yeye alizitumia kwa swala pala.

"Laini inaharibu nyama," alikuwa akisema. "Bega zima linageuka uji wa damu. Ngumu inaacha nyama safi."

Mara ya kwanza nilipomsikia nilikuwa bado mgeni kwake, nikamwuliza, "Lakini baba, si anateseka?"

"Atakufa tu," akanijibu. "Haraka ya nini?"

Niliolewa Endabash nikiwa bado msichana. Mume wangu alikuwa mtoto wake wa pili, mtu mpole, mwenye kuongea huku akitazama chini. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Mzee alikuwa ameutumia ujana wake kubeba bunduki za wawindaji wa kizungu kwenye mapori ya kaskazini yote, na alipostaafu alirudi kijijini na bunduki yake mwenyewe yenye leseni. Kila msimu alilipia kibali cha mkazi na kushuka pori la chini, upande wa Ziwa Eyasi. Pale nyumbani hakuna aliyepandisha sauti mbele yake. Hata mbwa walikuwa wakiondoka kwenye kivuli yeye alipotoka nje.

Mume wangu aliwahi kuniambia jambo moja kuhusu baba yake, tulipokuwa tumelala, naye akaniambia akiwa ameugeukia ukuta. Alisema utotoni baba yake alimkalisha kando ya digidigi aliyejeruhiwa, akamwambia asiondoke wala asimguse, amwite yeye baba mnyama akishakata roho. Digidigi alichukua muda mrefu. Yeye alilia, na baba yake aliposikia kilio akaja kumchapa, kisha akarudi kumalizia chai yake.

"Alitaka ujifunze nini?" nilimwuliza.

"Hata mimi sijui," akasema. "Nadhani alipenda kuniona nikiwa pale."

Mume wangu alifariki trela la trekta lilipopinduka na magunia ya mahindi kwenye mteremko wa kurudi kutoka shambani. Alikuwa amekaa juu ya mzigo. Nikabaki pale bomani na binti zangu wawili. Siku ya matanga mzee alisimama mbele ya watu, nikadhani anataka kusema neno juu ya mwanawe. Alisema, "Nilimkataza kukaa juu ya magunia. Alikuwa mtu wa kusahau." Akakaa.

Baada ya hapo macho yake yakaanza kuingia ukungu. Niliuona mimi kabla ya wengine wote, kwa sababu ndiye niliyempelekea chakula. Alikuwa akipapasa meza kutafuta kijiko kilichokuwa mbele yake. Akimimina kahawa nje ya kikombe alinitukana kwamba nimekiweka vibaya. Madaktari wa macho walipokuja Karatu mjini kutibu watu, shemeji yangu alijaribu kumshawishi aende. Shemeji huyu ndiye mdogo wa mume wangu, dereva wa watalii, mtu wa kuamka alfajiri na kushinda kwenye kreta ya hifadhi na wageni na maboksi yao ya lanchi. Anajua kumfurahisha kila mtu, na baba yake kuliko wote.

"Baba, ni mtoto wa jicho tu," alimwambia. "Unatolewa siku hiyohiyo."

"Watakaonipofua ndio unaowafurahia?" mzee akauliza. "Ili ubaki na bunduki?"

Shemeji akacheka. Ilikuwa kawaida yake kucheka baba yake alipomtukana.

Msimu wa uwindaji ulipofunguliwa, mzee aliniita chumbani kwake. Alikuwa amelifungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda, na risasi zilikuwa zimemwagika juu ya blanketi, laini na ngumu zimechanganyikana.

"Zichambue," akasema.

Nikapiga magoti nikazichambua kama mbaazi. Laini huku, ngumu kule. Alinisikiliza nikifanya kazi, kichwa amekiinamisha upande.

"Utakwenda na mimi porini," akasema. "Utaniambia mnyama yuko wapi na amesimamaje. Ukimwambia mtu kwamba sioni, utaondoka hapa na wanao mchana kweupe."

"Nitakwendaje porini na baba mkwe? Watu watasema nini?"

"Watasema umekuja kubeba nyama. Kwani si kazi yenu?"

Ndivyo nilivyokuwa macho yake. Tulishuka na Landrova kuukuu ya shemeji, mwenyewe akiendesha, kwa barabara ya mawe, hewa ikizidi kuwa ya moto kadiri tulivyoliacha eneo la juu la mashamba. Chini kule ardhi ni nyeupe, migunga na miti ya miswaki imesimama na vumbi lake, na upepo wa ziwani una harufu ya magadi. Askari wa wanyamapori aliyepangiwa kufuatana nasi alikuwa kijana mwenye kope nzito za usingizi. Wajibu wake ulikuwa kuhakikisha tunapiga mnyama aliyeandikwa kwenye kibali na si mwingine. Kama aligundua kwamba mzee haoni, hakusema.

Nilijifunza haraka. Nilitembea nyuma ya bega lake la kulia. Nikiona kundi nilimgusa, naye alisimama. Nilimnong'oneza, "Kushoto kidogo. Chini ya mgunga mkubwa. Dume, amekupa ubavu." Yeye aliinua bunduki, akatafuta kwenye darubini yake ule weusi wa mnyama dhidi ya weupe wa nyasi, na mimi nikamwongoza kwa maneno mpaka alipopiga. Aliweza bado. Mikono yake haikuwa na mtetemeko hata kidogo. Ila alichokiona kilikuwa kivuli tu, na kwenye kivuli huwezi kutofautisha moyo na utumbo. Kwa hiyo wanyama wengi tuliwafuata. Tulifuata damu kwenye majani, mara nyekundu yenye povu, mara nyeusi yenye mabaki ya nyasi alizokuwa ametafuna mnyama asubuhi ile, na hiyo ya pili ndiyo iliyomaanisha kwamba tutatembea sana.

Mzee hakuharakisha kamwe. Alitembea ameshika ncha ya kanga yangu kama anayeongozwa harusini, na kila baada ya muda aliuliza, "Anatembeaje sasa?"

"Anaburuza mguu wa nyuma, baba."

"Ehe. Endelea kunieleza."

Alitaka kuelezwa kila kitu. Kama mnyama amelala na kuinuka, kama ametazama nyuma, kama anatoa sauti. Nilipofupisha alinifinya mkono.

Msimu uliofuata nikaamua kumwekea laini. Sikufikiria sana. Tulikuwa tumesimama, dume zuri la swala pala mbele yetu limetulia likila majani ya kichaka, na mzee amenyoosha kiganja chake nimpe risasi. Mfukoni nilikuwa nimebeba zote mbili, kwa kuwa alisema ikitokea nyati tusiwe na laini tupu, na ikitokea chui tusiwe na ngumu tupu. Nikampa laini. Akaitumbukiza, akafunga komeo, nikamwelekeza, akapiga.

Dume lilikaa chini kama mtu aliyechoka. Halikupiga hata teke. Askari akasema, "Safi sana mzee," na shemeji akapiga makofi. Mzee alibaki amesimama na bunduki yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Mbona hakukimbia?" akauliza.

"Umempata vizuri, baba," nikasema.

Tulipoanza kuchuna mzee alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye bega la mnyama, akapapasa. Mkono ulitoka umeshika nyama iliyosagika na vipande vya mfupa. Akaunusa. Kisha akaukamata uso wangu kwa mkono uleule, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta, akanipangusia damu ile kuanzia paji la uso mpaka kidevuni. Shemeji aligeuka akaanza kufunga kamba kwenye gari.

Nyumbani mzee aligawa nyama mwenyewe. Mapaja kwa wazee wa kanisa, mbavu kwa majirani, maini kwake. Mimi na wanangu tulipewa lile bega.

"Mama yenu ameichagua hii," aliwaambia binti zangu. "Mtaila yote."

Nililiosha lile bega kwa maji mengi, nikatoa vipande vya mfupa na vya madini kadiri nilivyoviona kwa taa, nikalichemsha. Mzee alileta kigoda chake akakaa mlangoni mwa jiko kusikiliza tukila. Binti yangu mdogo aliuma kitu kigumu. Nilisikia mlio wa jino kuvunjika, na mzee naye aliusikia kwa sababu aliinua kichwa. Mtoto alianza kulia, damu ikimtoka kwenye fizi, akisema, "Ako, nimeumia," maana kwa Kiiraqw babu anaitwa hivyo.

"Tafuna upande wa pili," ako yake akamjibu.

Tangu siku hiyo hakuniamini tena. Kila risasi niliyompa porini aliikwaruza ncha yake kwa ukucha wa kidole gumba. Kama ukucha ulizama aliitupa chini na kunyoosha kiganja upya. Mimi niliokota ile iliyotupwa, nikampa nyingine.

Siku ninayotaka kuieleza hasa ilikuwa ya joto kali mwishoni mwa msimu. Tulikuwa watu walewale wanne. Tulikuta kundi la swala pala karibu na korongo lililokauka, na dume lao lilikuwa na pembe ndefu kuliko yote niliyowahi kuona. Limesimama likitutazama uso kwa uso, kifua mbele.

"Ngoja ageuke, baba," nikamnong'oneza. "Anatutazama."

Akapiga kabla sijamaliza kusema. Dume liliruka juu sana, likatua, likaondoka na wenzake. Tulipofika pale aliposimama tulikuta majani yamelowa damu nyeusi, na ndani yake mabaki ya nyasi.

"Tumboni," askari akasema. "Inabidi tumfuate. Sheria hairuhusu kumwacha."

"Nani kasema tutamwacha?" mzee akamjibu, akashika kanga yangu.

Tulimfuata kupita korongo, tukapanda upande wa pili, tukapita kwenye miiba iliyotupasua mikono. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa. Yule dume alijitenga na wenzake, na nyayo zake zilianza kuyumba. Mara mbili tulikuta mahali alipolala na kuinuka tena. Hatimaye tukamkuta chini ya mti wa mswaki. Alikuwa amelala, miguu ameikunja vizuri kama ndama aliyepumzika, kichwa juu, na tumboni pembeni kitu kimetoka chenye rangi ya samli, kimegandwa na vumbi na nzi. Alituona. Alijaribu kuinuka, miguu ya nyuma ikakataa.

"Yuko hapa, baba," nikasema. "Ana pumzi. Hawezi kusimama."

"Umbali gani?"

"Kama kutoka mlangoni kwako mpaka zizini."

"Vizuri." Akapapasa jiwe kwa fimbo, akaketi, akailaza bunduki mapajani. "Nipe maji."

Shemeji alimpa chupa. Tulisimama tukingoja ainue bunduki. Alikunywa polepole, akafunga kizibo, akaweka chupa chini.

"Mzee, ummalize," askari akasema.

"Risasi moja inatosha. Hii moja inamwua. Sina haja ya kupoteza nyingine."

"Anateseka, mzee."

"Wewe ni padri?" Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, "Anafanya nini sasa?"

Nikamgeuzia mnyama macho.

"Nimekuuliza. Anafanya nini?"

Yule dume alikuwa akijaribu kulamba tumbo lake. Ulimi ulikuwa umekauka, umebadilika rangi. Kila alipougusa utumbo wake alitetemeka mwili mzima, kisha akarudia kulamba. Nilimtazama shemeji. Alikuwa akisugua soli ya buti lake kwenye mchanga. Nikamwambia, "Shemeji, mwambie baba." Akaniambia kwa kunong'ona, "Acha tu, shemeji. Unamjua." Nikamtazama askari. Naye akasema kibali si chake, na bunduki yake ni ya ulinzi.

"Kama huna la kusema nitasubiri," mzee akasema. "Mimi sina haraka."

Kisu cha kuchunia kilikuwa kwenye mkoba niliobeba. Nilikitoa. Nilikwenda kwa nyuma ya yule mnyama, nikashika pembe moja, nikakivuta kichwa chake kuelekea kwangu. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyotegemea, na alikuwa wa moto kama sufuria. Nilimkata koo kwa mkono mmoja. Haikwenda vizuri mara ya kwanza, kisu kilikuwa butu, ikabidi nirudie. Damu ilinimwagikia miguuni. Halafu akawa mzito, nikamwachia.

Mzee alikuwa amesimama.

"Nani amefanya hivyo?"

"Mimi, baba."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Nilidhani atanipiga. Badala yake alitabasamu, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Mwanamke amechinja mbele ya baba mkwe wake," akawaambia wale wengine. "Mmeona wenyewe. Nyama hiyo hailiwi. Kata pembe tuondoke."

Shemeji akasema, "Baba, nyama yote hii?"

"Kata pembe."

Askari naye akajaribu. "Mzee, nyama haiachwi porini. Si utaratibu."

"Basi ibebe wewe ukale kwenu. Mimi siigusi."

Hakuna aliyeibeba. Walikata kichwa wakakifunga kwenye gunia. Mnyama aliachwa pale na mapaja yake na mgongo wake na mabega yake, vyote vizima, nyama safi isiyo na doa ambayo kwa ajili yake, miaka yote ile, wanyama wote wale walikimbia na matumbo wazi. Nilimtazama mzee akiipa mgongo bila hata kugeuza kichwa, nikajua sababu haikuwahi kuwa nyama.

Kwenye gari aliweka fimbo yake mlangoni kunizuia.

"Mwenye damu hii hapandi humu."

Gari lilikuwa la shemeji. Shemeji alishika usukani kwa mikono miwili akatazama mbele, kama mtu anayesubiri taa za barabarani, na Eyasi hakuna taa. Akawasha gari. Walipoanza kuondoka yule askari alinitupia chupa ya maji kwa dirishani. Sikuidaka, ikaanguka kwenye vumbi, nikaiokota.

Nilitembea kufuata alama za matairi, kanga imekauka damu na kuwa ngumu kama gamba. Sikulia. Nilikuwa nawaza simba, na baada ya hapo niliwaza wanangu, maana mkubwa hajui kuwasha jiko na kuni mbichi. Nilipofika barabara ya Mang'ola nilikuta lori la vitunguu limeharibika tairi, na wanawake wa shambani wamekaa kwenye kivuli chake wakingoja. Mmoja aliniona akasimama.

"Dada, umefanywa nini?"

"Si damu yangu," nikasema.

Walinitazama kwa namna ambayo ilinibidi niwaeleze. Niliwaeleza kwa ufupi. Yule aliyeuliza alinipa kanga yake ya pili, na mwingine, mzee kidogo, akasema, "Mbona kisu hukukitumia vizuri zaidi?" Wakacheka wote, na mimi nikacheka pamoja nao. Tairi lilipobadilishwa nilipanda nao juu ya magunia ya vitunguu mpaka Karatu.

Nilipofika nyumbani kesho yake mlango wa nyumba yangu ulikuwa na kufuli. Wanangu walikuwa wamelala kwa jirani. Ukoo uliitwa. Wazee walikaa uani kwenye viti vya plastiki vya kanisa, na mzee akaeleza kwamba nimemwaibisha, nimechinja kama mwanaume, nimeleta nuksi kwenye boma. Hakusema neno kuhusu macho yake, na mimi niliponyanyuka kulisema shemeji akasema haraka, "Shemeji, usizidishe." Wazee walinung'unika kidogo, wakakohoa, wakakubaliana na mwenye bunduki. Shangazi wa marehemu mume wangu ndiye pekee aliyenisindikiza mpaka barabarani. Alinibebea begi. Alikuwa akirudia tu, "Pole mwanangu, pole mwanangu," mpaka bodaboda ikafika.

Nilipanga chumba Karatu mjini na kupata kazi ya kufua mashuka kwenye loji. Ni kazi ya mgongo, lakini hakuna anayeniuliza mnyama anafanya nini. Binti mdogo aling'olewa kipande cha jino kilichobaki.

Habari za mzee nilizipata kwa shemeji, ambaye huleta wageni pale loji na kunikwepa mpaka anaposhindwa. Msimu uliofuata mzee aligoma kubaki nyumbani. Akaenda na shemeji awe macho yake, na shemeji hawezi kumwambia baba yake hapana hata ikiwa ni kumwambia "bado". Mzee alisikia kwato kichakani. Akauliza, "Ni yeye?" Shemeji akasema, "Nadhani, baba," na mzee akapiga.

Alikuwa punda wa wafugaji, ametoka kuchota maji, madumu mawili mgongoni. Risasi ngumu ilimpita tumboni na kutoboa dumu la upande wa pili. Punda hakuanguka. Alikwenda zake nyumbani kama alivyozoea, akidondosha maji na damu njia nzima, akafia langoni mwa boma mbele ya watoto waliokuwa wanamsubiri. Wenye punda walifuata nyayo kurudi nyuma mpaka kwenye Landrova. Shemeji alipokuwa ananisimulia alianza kwa kucheka. Alipofika kwenye watoto aliacha.

"Walimpiga?" nikauliza.

"Walinipiga mimi," akasema. "Yeye aliwaambia ni mimi niliyempa shabaha."

Polisi walichukua bunduki. Macho ya mzee nayo yakafunga kabisa, kwa sababu aliyaacha mpaka hakuna daktari aliyetaka kuyagusa. Familia ilituma watu kwangu. Walisema hakuna anayeweza kukaa naye, kwamba wifi yangu, dada wa marehemu, amemhudumia mpaka amekonda, kwamba mimi nilimzoea. Nikawaambia sitarudi. Lakini cherehani yangu niliyoletewa na mama yangu siku ya harusi ilikuwa bado kule, nikaenda Jumapili moja baada ya ibada kuichukua.

Alikuwa amekaa nje ya mlango wake. Wifi alikuwa amefunga kamba kutoka mlangoni mpaka chooni ili ajipeleke, na mkono wake mmoja ulikuwa umeikamata ingawa hakuwa anakwenda popote. Alikuwa amekuwa mdogo. Shati lilikuwa limefungwa vifungo vibaya.

"Shikamoo, baba."

Aliitambua sauti mara moja. "Umekuja kuangalia?"

"Nimekuja kuchukua cherehani."

"Nipe maji kwanza."

Nilichota, nikampa kikombe mkononi. Alikionja, akamwaga yote chini, akasema ni ya moto. Nikachota mengine mtungini. Nayo akayamwaga. Mara ya tatu sikuchota, nikamtazama akiwa amenyoosha kikombe hewani, akingoja. Alingoja sana. Mwishowe mkono ulianza kuchoka, kikombe kikashuka taratibu mpaka gotini.

"Siku ile," akasema, "ulipomshika pembe. Uliogopa?"

"Hapana."

"Mume wako angeogopa. Alikuwa hana kitu ndani, yule."

"Mume wangu alikuogopa wewe, baba," nikasema. "Kumwogopa swala hakuwahi."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani, cha mtu aliyesifiwa. Nikaona hata hilo nimempa zawadi bila kukusudia. Nikaingia ndani.

Wifi alinisaidia kubeba cherehani mpaka barabarani. Alikuwa na alama ya meno mkononi, na hakutaka nimwulize. Nikamwambia Karatu kuna kazi ya kufua, aje akitaka. Alitazama nyuma kwenye ile kamba, akasema atafikiria. Nikaipakata cherehani kwenye bodaboda, magoti yakiuma kwa uzito wake, vumbi jekundu likinijaa mdomoni mpaka lami.

Mkanda wa cherehani ulikuwa umeliwa na panya. Jumatatu nilinunua mwingine, nikaanza na sare ya shule ya binti mkubwa.